Kabla hujafika kuuza shamba



Mpendwa msomaji, habari ya Yusufu kule Misri unaijua. Umeisikia tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza: ng'ombe saba wanono na saba waliokonda, miaka saba ya shibe na saba ya njaa, na kijana Mwebrania aliyetolewa gerezani akakabidhiwa maghala ya nchi. Sehemu hiyo, sura ya 41 ya kitabu cha Mwanzo, tunaihubiri mara nyingi kwa sababu inafurahisha. Leo naomba ufungue kurasa chache mbele, sura ya 47, kuanzia mstari wa 13. Hapo hatupahubiri sana.

Katika sura hiyo njaa imekolea, na ghala la Farao limejaa. Wananchi wanakuja kununua nafaka. Kwanza wanalipa fedha, mpaka fedha yote ya nchi inaishia katika nyumba ya Farao. Fedha inapokwisha wanaleta mifugo: farasi, kondoo, mbuzi, ng'ombe na punda. Mwaka unaofuata wanarudi hawana fedha wala mnyama. Wamebakiwa na vitu viwili tu, mashamba yao na miili yao, na wanaviuza vyote viwili. Wamepona kifo, na wanamshukuru Yusufu kwa hilo. Lakini walioanza njaa wakiwa na ardhi yao wanaimaliza wakilima ardhi ya Farao, na kumpa sehemu moja ya tano ya mavuno. Na nafaka waliyouziwa ilitoka wapi? Ilitoka katika mashamba yao hayo hayo, ikakusanywa miaka ile ya shibe.

Mstari wa 22 unaongeza jambo dogo: makuhani hawakuuza ardhi yao, kwa sababu walikuwa na posho kutoka kwa Farao. Padre akisoma mstari huo hana budi kutulia kidogo kabla ya kuwashauri wenye familia jinsi ya kuishi wakati wa shida. Basi nisome ukijua kwamba nami nimeusoma.

Nimeileta habari hii kwa sababu ya swali ninaloulizwa na waumini, hasa tangu mwaka 2022. Mwaka ule vita vya Ukraine vilipandisha bei ya mafuta na mbolea, petroli ikapita shilingi 3,000 kwa lita Dar es Salaam, serikali ikalazimika kutoa ruzuku. Mwaka uliofuata wafanyabiashara wakahangaika kutafuta dola. Watu wakaanza kuuliza: Padre, siku uchumi ukianguka kweli kweli, sisi wa kawaida tutafanyaje? Mimi si mtabiri, na siku hizi watabiri wanatutosha. Lakini ninaamini jibu la swali hilo limejificha katika mpangilio wa vile vitu vilivyouzwa Misri: fedha, mifugo, ardhi, watu.

Hiyo ni ngazi. Kila kaya inayobanwa na shida kubwa huishuka kwa mpangilio unaofanana na huo. Akiba ikiisha inauzwa simu, halafu kuku, halafu mbuzi, halafu baiskeli au cherehani iliyokuwa inaingiza chakula. Baadaye kinauzwa kipande cha shamba, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mnunuzi anaiona njaa usoni mwa muuzaji. Na ngazi ya mwisho ni watu. Hatuuzi watoto sokoni, lakini binti wa miaka kumi na minne anaachishwa shule aolewe na mtu mwenye uwezo, au anapelekwa mjini kuwa dada wa kazi kwa watu ambao wazazi hawajawahi kuwaona. Tunasema tumempunguzia mzigo mama yake.

Kwa hiyo ukiniuliza kujiandaa ni nini, nitakujibu kwamba ni kuamua mapema, mkiwa bado mmeshiba, ni ngazi ipi ambayo familia yenu haitaivuka, kisha kupanga mambo ya nyumbani ili kuilinda. Mimi nasema ngazi hiyo ni shamba, kifaa cha kazi na shule ya watoto. Mengine yakiondoka, yatarudi. Hivyo vitatu vikiondoka, anayerithi umaskini ni mjukuu.

Wenye umri wangu tumewahi kuona uchumi ukianguka, hatuna haja ya kusoma vitabuni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, bei ya kahawa ikashuka, mafuta yakapanda duniani, kisha vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala kile kidogo kilichobaki. Mwalimu Nyerere akaomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Mikanda ilifungwa kwa miaka mingi zaidi ya hiyo. Sukari, sabuni, mafuta ya taa na khanga vilipatikana kwa foleni na kwa orodha ya mjumbe wa nyumba kumi. Watu walifulia majani ya mpapai. Tulikula ugali wa mahindi ya njano ya msaada, tukauita yanga kwa rangi ya jezi, hata washabiki wa Simba wakaula. Nguo za mitumba ziliitwa kafa Ulaya, na kuvaa shati lisilo na kiraka kulitosha mtu kuulizwa amelipata wapi.

Kijana, muulize bibi yako walipitaje pale. Hatakwambia habari ya mshahara. Mshahara ulikuwapo kwenye karatasi. Atakwambia habari ya maandazi na vitumbua, cherehani barazani, mhogo nyuma ya nyumba, kuku waliofugwa na karani wa serikali, na mjomba wa kijijini aliyeteremsha gunia kwenye basi bila kuulizwa. Wakati ule ndipo neno mradi lilipoingia katika kila nyumba. Wanawake wengi waliokuwa wakingoja hela ya matumizi kutoka kwa mume ndio waliogeuka kuwa walishaji wa nyumba. Kaya zilizopona hazikuwa lazima zile zenye fedha nyingi. Zilikuwa zile zenye mikono zaidi ya miwili inayojua kufanya kitu, chakula kisichopitia dukani, na ndugu ambao hawakusahauliwa wakati wa raha.

Fedha yenyewe iliyeyuka. Mwaka 1985 dola moja ilikuwa shilingi 17 hivi kwa bei ya serikali, na kufikia 1990 ilikuwa karibu 200. Miaka ile bei za vitu zilipanda kwa kama asilimia 30 kila mwaka. Piga hesabu: bei zikienda hivyo, noti uliyoificha chini ya godoro inanunua chini ya nusu baada ya miaka mitatu. Wenzetu wa Zimbabwe waliona mabaya kuliko hayo. Mwanzoni mwa 2009 benki kuu yao ilitoa noti ya dola trilioni 100, na miezi michache baadaye sarafu yenyewe ikaachwa. Mwalimu mstaafu aliyeweka akiba kwa uaminifu maisha yake yote alibaki na karatasi. Sisemi usiweke fedha. Weka, benki, SACCOS au VICOBA unachokiamini, na kiasi kidogo cha matumizi ya wiki mbili tatu mkononi, maana siku mtandao ukikatika simu haikununulii unga. Ninachosema ni kwamba fedha ndiyo ngazi ya kwanza kuondoka, Misri na hapa, na anayeegemea hiyo peke yake ameegemea ukuta mbichi.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi. Kaya nyingi za waumini wetu hazisubiri uchumi wa nchi uanguke, kwa kuwa uchumi wa nyumbani umeshaanguka na kinachoushikilia ni mkopo. Nazungumzia ile mikopo ambayo akina mama wenyewe wameipa jina la kausha damu. Ukikopa shilingi 200,000 ukarudisha 260,000 ndani ya mwezi mmoja, umelipa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Hakuna genge la nyanya linalozaa hivyo kila mwezi. Ndiyo maana mama anakopa huku kulipa kule, anamficha mume, na siku ya marejesho anaonekana kanisani asubuhi mapema kwa sababu hataki kukutwa nyumbani. Wakija, wanabeba godoro, televisheni na jiko la gesi, mbele ya watoto.

Katika kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, kuna mjane ambaye mdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha anamuuliza ana nini nyumbani. Ana chupa ya mafuta tu. Mafuta yanaongezeka, na tunashangilia hapo tukasahau agizo linalofuata. Nabii anamwambia auze mafuta, alipe deni kwanza, halafu kinachobaki ndicho wale. Hakumwambia ajenge. Hakumwambia afanye sherehe ya shukrani. Ukipata fedha leo, ya mavuno, ya pensheni au ya kiinua mgongo, fuata mpangilio huo.

Na nani anatufanya tukope? Mara nyingi ni sisi kwa sisi. Kipaimara cha mtoto kinataka ukumbi, keki na mpiga picha. Harusi inakuja na kadi za mchango zinazotumwa kama hati za kuitwa mahakamani, baada ya hapo sendofu, baada ya hapo kitchen party. Mimi ndiye ninayetoa sakramenti hizo, na ninakuhakikishia Roho Mtakatifu hahitaji MC. Parokiani nako tuangalie: michango inapofuatana mpaka mzazi anakopa ili jina lake lisisomwe kati ya wadaiwa, tumempeleka wenyewe kwa wakausha damu. Kutoa ni wajibu wa Mkristo. Kutoa fedha ya mdai si sadaka.

Shida ikizidi huja pia wale wanaouza njia ya mkato. Mnakumbuka upatu wa DECI, ambao serikali iliufunga mwaka 2009. Watu waliambiwa wanapanda mbegu, lugha ya Biblia kabisa, na walio wengi hawakuvuna. Ukiahidiwa faida ambayo hakuna shamba wala duka linaloweza kuizaa, ujue wewe ndiye mavuno.

Kwa mkulima, adui mwingine yuko karibu zaidi, naye ni haraka ya kuuza. Kagera wana neno butura, kuuza kahawa ikiwa bado mtini. Sehemu za mahindi wanauza yakiwa mabichi, au mara tu baada ya kuvuna, kwa lumbesa, kisha Januari wananunua unga ule ule kwa bei mara mbili. Mahali pengi baba ndiye anayeuza, na mama anajua ghala limepungua anapokwenda kuchota. Wapendwa akina baba, hilo ni jambo la kitubio. Kabla gunia la kwanza halijatoka, kaeni wawili mhesabu. Mtu mzima anakula karibu nusu kilo ya unga kwa siku. Kaya ya watu sita, watoto wakiwemo, itamaliza kama gunia moja la kilo 100 kila mwezi. Hesabuni miezi mpaka mavuno yajayo, ongezeni miwili ya mvua kuchelewa, na hiyo muitoe kabisa katika mazungumzo ya biashara. Kinachozidi ndicho cha kuuza.

Kulihifadhi gunia nako kuna elimu yake. Miaka ile ya shida iliyaongezea maghala yetu dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati akaonekana kwanza upande wa Tabora. Wakulima wakamwita Scania kwa jinsi anavyobomoa. Leo kuna mifuko ya PICS ya tabaka tatu, miwili ya plastiki ndani na mmoja wa nje, ambayo ikifungwa vizuri, kila tabaka peke yake, wadudu wanakosa hewa na kufa bila dawa yoyote. Iweke juu ya mbao, mbali na ukuta, maana panya akitoboa umepoteza kazi yote. Mahindi yawe makavu kweli. Njia ya kujua ni rahisi: tia mahindi robo ya chupa kavu ya kioo, ongeza kijiko cha chumvi kavu, tikisa dakika chache. Chumvi ikinata kwenye kioo, yarudishe juani.

Wala chakula cha akiba si mahindi peke yake. Mhogo unakaa ardhini ukikungoja. Wasukuma na Wanyamwezi wana michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa vikakaa miezi, na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa kwa ajili ya kiangazi. Vijana wetu wanavionea aibu, wanaona ni vyakula vya shida. Ndiyo, ni vya shida, viliandaliwa na watu waliowahi kuiona.

Ewe unayeishi mjini katika chumba cha kupanga, huna ghala wala ekari. Lakini unaweza kuwa na unga, maharage, chumvi na mafuta ya mwezi mmoja chini ya kitanda, ukila vya zamani na kuongeza vipya. Unaweza kuotesha mchicha na chainizi kwenye viroba. Unaweza, kama wewe ni mwalimu au karani, kujifunza kazi ya pili ambayo watu huilipia hata wakiwa hawana kitu: kushona, kutengeneza viatu, kufunga umeme, kunyoa. Kijijini usikanyage siku za misiba tu. Tuma mbolea mwezi wa kumi, lipa ada ya mpwa. Mtu aliyekimbilia kwao mwaka 1982 akiwa amekaa miaka kumi bila hata barua, alipokewaje unafikiri? Na kama familia ina shamba la ukoo, fuatilieni hati ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, jina la mke likiwemo. Shida kubwa ikija, anayeuza shamba la mjane kwa kawaida ni shemeji yake.

Najua kuna anayejiandaa kunijibu kwamba Yesu alitukataza kusumbukia kesho. Ni kweli, tena alitaja ndege wasiopanda wala kukusanya. Lakini ndege hao huamka alfajiri kutafuta. Yesu anakataza wasiwasi unaomfanya mtu asimwone Mungu wala jirani. Yule tajiri wa Luka sura ya 12, aliyebomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, shida yake haikuwa ghala. Sikiliza anavyojisemesha: mazao yangu, ghala zangu, nafsi yangu. Katika hotuba yake yote hakuna mtu wa pili.

Hapo ndipo akiba inapogeuka kuwa dhambi. Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipoanza chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, wapo waliotupa mali mitoni na vichakani usiku. Sabuni ilielea majini wakati majirani wanafulia majani. Kwa hiyo nakupa kipimo kimoja: nunua akiba yako wakati wa wingi, mwezi wa saba na wa nane, ambapo ununuzi wako unamsaidia mkulima. Ukikimbilia kununua magunia kumi vitu vimeshaadimika, unakuwa umechota kutoka kwenye sufuria ya mwenye kununua robo kilo. Yusufu alikusanya miaka ya shibe.

Wakristo wa Antiokia walifanya zaidi ya hapo. Matendo ya Mitume, sura ya 11, inasimulia kwamba nabii Agabo alitabiri njaa kubwa, ile iliyotokea enzi za Kaisari Klaudio. Walipoisikia habari hiyo, hawakujaza stoo zao. Kila mmoja alitoa kwa kadiri ya uwezo wake, wakapeleka kwa ndugu wa Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Saulo. Waliziandalia nyumba za wengine.

Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua miaka ya 70 kwamba Kanisa lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo, walitupa chombo cha kufanya hivyo hivyo. Nyumba kumi au kumi na tano zinazokutana kila wiki zinajuana kuliko ofisi yoyote ya ustawi wa jamii. Ila mara nyingi tunasali rozari, tunahesabu zaka, tunatawanyika. Wiki hii, baada ya kusoma Injili, ombeni nusu saa. Mwenyekiti aulize mambo manne bila kuandika majina ukutani. Nani kati yetu anadaiwa mkopo wa kila wiki, na jumuiya inaweza kumlipia awe anairudishia polepole bila riba? Nani anaishi peke yake, mzee au mgonjwa, ambaye njaa ikija hatatoka kuomba? Nani anajua kazi anayoweza kumfundisha kijana wa mwenzake? Na mwezi wa saba ukifika, kila nyumba inaweza kuweka debe ngapi katika stoo moja ya pamoja, ufunguo ukikaa kwa watu wawili wasio wa ukoo mmoja?

Swali la pili ndilo muanze nalo. Kwa kawaida huyo mzee hayupo kwenye kikao, na mtahitaji kumtuma mtu akamuulize.